Shavu la Kushoto

Nilipokuwa mtoto kule Uru, jino likikung'oka ulilitupa juu ya paa la nyumba, na hakuna aliyekuuliza sababu. Ulisimama uani, ukalirusha kwa nguvu zako zote, ukaomba uletewe jipya, kisha ukakimbia bila kutazama nyuma. Asiyefanya hivyo, tuliambiwa, hukaa na pengo mpaka uzeeni. Mimi meno yangu yote niliyarusha kama inavyotakiwa, na leo nina mapengo matano. Sijui nimlalamikie nani.

Ila jino langu la kwanza sikulirusha siku ile lilipotoka, na kisa hiki kinaanzia hapo. Nilikuwa na miaka saba. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na baba yangu, kama wanaume wengi wa mlimani ambao mashamba yao yalikuwa madogo, alikuwa Tanga kwenye mkonge. Tulimwona Krismasi kwa Krismasi. Nyumbani tulibaki watatu. Bibi, mama yake baba, alikaa katika nyumba yake ya msonge, nyasi kuanzia juu mpaka chini, akilala pamoja na ng'ombe wake. Mama na mimi tulikaa katika nyumba ya udongo, hatua thelathini kutoka pale. Kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa lililotuzunguka, kilikuwa kimoja, lakini kati ya nyumba hizo mbili ulipita mstari wa masale.

Asiyelijua isale nimweleze. Ni mmea mwembamba wenye majani marefu, na kwetu ndio mpaka, ndio alama ya kaburi la mkubwa, na ndio unaobebwa na mtu anayekwenda kuomba radhi. Ukiletewa jani la isale lililofungwa fundo, hata kama uliapa kutomwona tena mtu huyo, hulikatai. Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, na masale yake aliyapalilia vilevile. Nadhani hakutaka kumkosea mtu yeyote heshima, juu wala chini.

Asubuhi ile Mama alikuwa akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Kwetu ng'ombe haendi malishoni. Hukaa ndani na chakula humfuata, na kukifuata chakula hicho ni kazi ya mwanamke. Alikuwa ameinama, mundu mkononi, akikata kwa mwendo ule wa haraka ambao mtu haufikirii tena. Nilikuwa nimeonywa mara nyingi nisimwendee kwa nyuma mtu mwenye mundu. Lakini jino lilikuwa limetoka dakika ile ile, liko kiganjani mwangu, dogo, lina damu kidogo, na nilitaka Mama awe wa kwanza kuliona. Nikakimbia nikamwendea kwa nyuma.

Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka mundu uliporudi nyuma, nakumbuka baridi shavuni, kisha joto. Mama aligeuka, akaniona, mundu ukamponyoka. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale kwenye maganda ya mgomba, akanikamata kichwa kwa mikono miwili, akawa anasema jina langu tu: Manka, Manka, Manka.

Jeraha lilianza chini ya jicho la kushoto likashuka mpaka karibu na pembe ya mdomo. Bibi alitoka mbio, kiganja kimejaa masizi aliyoyakwangua darini, juu ya moto wake. Masizi ndiyo ilikuwa dawa ya kila mkato. Damu ilikatika kweli, hilo sibishi, ila masizi hubaki ndani ya ngozi, na kanisani Jumapili ulikuwa ukiwaona watu wazima wenye mistari ya buluu usoni na mikononi ambayo hakuna sabuni ingeitoa.

"Lete huo uso," Bibi alisema.

"Hapana, Mama," mama yangu akasema.

Sikuwahi kumsikia akimwambia Bibi hapana, wala sikumsikia tena baada ya hapo. "Ni mtoto wa kike," akaongeza kwa sauti ya chini. "Nampeleka mjini akashonwe." Akanifunga shavu kwa kitambaa cha kanga, akaniweka mgongoni, akakaza kanga nyingine kifuani, tukaondoka. Bibi alibaki uani na masizi yake mkononi.

Kutoka Uru mpaka Moshi ni mteremko mtupu, na Mama aliukimbia. Nilikuwa nimeacha kubebwa zamani. Miguu yangu ilining'inia ikigonga mapaja yake. Tulipita mifereji, tukapita wanawake waliopanda na mizigo ya majani waliomuuliza kulikoni asiwajibu. Sikio langu lilikuwa limelala juu ya mgongo wake, nikisikia moyo unavyodunda na pumzi inavyokwaruza. Naona haya kusema, lakini katika utoto wangu wote sikumbuki safari nyingine niliyojisikia salama namna ile.

Zahanati tuliyoiendea ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya dawa kali, na dresa, mfunga vidonda wa pale, alikuwa mzee wa Kiislamu wa mjini, kofia ya kufuma kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, alituambia bila kuulizwa, na yeye mwenyewe alikulia chini ya meza ya kushonea. Alinitazama shavu kwa muda mrefu, akaliosha kwa maji yaliyochemshwa, taratibu, akitoa kila kipande cha uchafu kwa kibanio.

"Umemtia masizi?" akamuuliza Mama.

Mama akatikisa kichwa. Kiswahili alikielewa, kukisema kulimpa taabu.

"Vizuri sana. Ungemtia, ningeshona na masizi humo humo." Akachagua uzi. Alikuwa nao wa namna mbili na akachukua ule mwembamba kabisa, nikafikiri ni unywele. "Watu wanashona uso kama wanashona gunia la kahawa," akasema. "Uzi mnene, mshono mrefu, vuta! Mtoto akikua ana gunia usoni. Hapa tunashona karibu karibu, na hatuvuti. Kingo zikutane tu, zisigombane."

Alinidunga sindano ya ganzi, akaanza kushona. Mama alinishika kichwa. Nilihesabu mishono mpaka nane nikachoka, na sikulia, kwa sababu uso wa Mama ulikuwa juu yangu na yeye ndiye aliyekuwa akilia, machozi yakidondoka kwenye paji langu. Dresa alimaliza, akatia dawa ya kahawia, akaweka bandeji nyembamba, kisha akatoa masharti huku akiyakazia kwa kidole. Asicheke. Asilie. Asitafune kitu kigumu. Asifungue mdomo kuongea. Kidonda kisilowe, wala mtu asikiguse. Baada ya siku tano arudishwe nyuzi zitolewe, maana nyuzi za usoni zikichelewa nazo huacha alama. Na baada ya hapo apakwe mafuta kila siku na asipigwe jua la mchana mpaka mvua za masika zipite.

"Ukiyafuata haya," akamwambia Mama, "siku ya harusi yake hakuna atakayejua."

Mama aliyashika maneno hayo yote. Njiani kurudi aliyarudia kwa Kichagga, moja moja, nami nikiwa mgongoni mwake nikiitikia kwa kumgusa bega. Hatukujua kwamba Bibi naye alikuwa na masharti yake akitungoja.

Alikuwa amesimama kwenye masale. Hakupita upande wetu. "Mpe mtoto aje huku," alisema. "Mkono uliomwaga damu ya mtoto haugusi kidonda chake. Damu humjua aliyeimwaga. Mkono huo ukikikaribia kabla nyuzi hazijatoka na isale halijapita, kitafunguka."

Nimewauliza wazee wengi juu ya mwiko huo. Wengine wanaujua, wengine wanasema ulikuwa wa ukoo wetu tu, na mmoja aliniambia Bibi aliutunga ili amwadhibu mkwewe kwa lile neno hapana. Sidhani aliutunga. Nilimwona uso siku ile, na alikuwa na hofu ya kweli. Tena akaongeza kwa ushindi mdogo: "Hata huyo Mswahili wako wa mjini, si amesema mtu asiguse?"

Kwa Mama, kumkatalia mama wa mumewe mara moja kwa siku kulitosha. Na zaidi ya hayo, naona sasa, alikuwa amekwisha jihukumu mwenyewe kabla Bibi hajafungua mdomo. Alilegeza kanga, akanishusha chini, akanisukuma kidogo mgongoni kuelekea kwa Bibi. Nikavuka masale kwa miguu yangu. Nilipogeuka, alikuwa ameshaanza kuondoka.

Kosa walilolifanya wote wawili ni moja: hakuna aliyeniambia mimi. Mwiko husemwa kati ya wakubwa. Kumwambia mtoto kwamba mkono wa mama yake una damu kungekuwa ni kumtia mama doa mbele ya mwanawe. Kwa hiyo nilipomuuliza Bibi kwa ishara Mama yuko wapi, alijibu, "Mama yako ana kazi," akanitandikia ngozi upande wa pili wa moto, mkabala na ng'ombe.

Siku zile tano nimezikumbuka kuliko miaka mizima iliyofuata. Ndani ya nyumba ya msonge hamna dirisha. Mwanga huingia kwa mlango mfupi, ukafika mpaka kwenye mafiga na kuishia hapo. Watoto wa jirani walifukuzwa wasije kunichekesha. Bibi mwenyewe, mtu wa maneno mengi kwa kawaida, alinyamaza asije akanifanya nijibu. Alininywesha mtori mwepesi wa ndizi kwa kijiko, kwa upande wa kulia wa mdomo, akaninyooshea kidole kila nilipotaka kusema, kisha akaenda shambani. Nikabaki na ng'ombe. Alikuwa mzee na mtulivu, akitafuna kwa ule upande anaoutaka yeye bila kukatazwa na mtu. Nilimwonea wivu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Mama hakuwa mbali. Nilimsikia. Nilisikia mundu wake ukikata mgomba, polepole kuliko zamani, tena kwa vituo, na nikajua kila kituo ametazama nyuma. Nilimsikia akikohoa, akifagia, akimwita kuku. Mtori niliokunywa alikuwa akiupika yeye. Niliujua kwa ladha, Bibi hakuwa na mkono ule. Aliuweka juu ya jiwe kwenye masale, akarudi, ndipo Bibi alipokwenda kuuchukua. Jioni ya pili nilimwona kwa mlango, amesimama upande wake wa masale, mikono ameifunga ndani ya kanga. Nikamwinulia mkono. Akageuka akaingia ndani.

Mtoto aliyenyimwa sababu huitafuta mwenyewe, na huwa hakosi kupata iliyo mbaya. Nilijiambia amekasirika kwa kuwa nilimwendea kwa nyuma nilipokatazwa. Siku ya tatu nikapata nyingine: uso wangu umekuwa kitu cha kutisha, na Mama hawezi kuutazama. Nyumbani kwa Bibi hapakuwa na kioo, na hata ningeruhusiwa kwenda mferejini kujiangalia majini ningeogopa. Nililala nimeelekea ukutani. Machozi yalikuja nikayazuia, si kwa ajili ya mishono. Nilifikiri nikiwa mtiifu kabisa, pengine atarudi. Upweke ule sijawahi kuupata tena, ingawa nimezika mume na nimeishi peke yangu nyumba nzima.

Siku ya nne nikatafuta dawa yangu mwenyewe. Nilikaa karibu na moto uliozimika, nikapiga hesabu za kitoto. Damu ilipotoka, Mama alikuja, alinishika, alinibeba mgongoni mpaka Moshi. Damu ilipokatika, akaondoka. Basi damu ikitoka tena atanibeba tena. Niliingiza kidole chini ya bandeji, kwa upande wa chini, karibu na mdomo, nikaukuta uzi wa mwisho. Ulikuwa na kifundo kidogo kigumu. Nikaanza kukichokonoa kwa ukucha, taratibu, asubuhi yote, huku ng'ombe akinitazama. Kiliuma. Mchana kililegea. Damu haikutoka, ikaja unyevu tu, nikairudisha bandeji mahali pake nikiwa nimekata tamaa.

Na mchana huo huo Mama akaja.

Bibi alikuwa ameteremka sokoni na ndizi. Nilisikia hatua, kisha mlango ukawa na kivuli. Mama alipiga magoti pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, kama mtu anayejidanganya kwamba hajaingia. Alikuwa amekonda kwa siku nne. Akafungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na jino langu. Alikuwa amelitafuta ndani ya maganda ya mgomba mpaka akalipata, akalifunga kwenye pindo la kanga tangu siku ile.

"Lisikae sana chini," alisema. "Utakosa jingine. Usiseme, mama, usiseme. Njoo tu ulirushe."

Tulitoka wote uani. Nililirusha juu ya nyasi za nyumba ya Bibi, likapanda vizuri likabaki huko. Nilitakiwa kukimbia bila kutazama nyuma, lakini sikukimbia. Nilimgeukia Mama. Tulitazamana, na mkono wake ukainuka wenyewe, nadhani bila ruhusa yake, ukaja na kunigusa shavu juu ya bandeji kwa mgongo wa vidole. Muda wa kupumua mara moja. Kisha akaushika mkono ule kwa mkono mwingine, akauvuta kifuani, akaondoka akivuka masale haraka.

Usiku shavu lilivimba. Uzi ule wa mwisho ukatoka, na pembe ya jeraha ikafunguka na kutoa maji na damu. Bibi alisogeza kijinga cha moto, akatazama, nikaona midomo yake ikienda.

"Nani alikuja hapa?"

Nilikuwa nimeruhusiwa kusema kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, na neno nililosema lilikuwa "Mama." Lilikuwa kweli. Ndiyo sababu lilinikaa rahisi mdomoni. Kweli nyingine, ile ya ukucha, niliimeza na mate.

Bibi hakupiga kelele. Alitoka uani, akasimama kwenye masale, akasema kwa sauti ya kawaida kuelekea nyumba yetu, "Kimefunguka. Nilikuambia." Kisha nikasikia kilio ambacho Mama hakukitoa siku ya mundu, nami nilikuwa ndani na ng'ombe, nimefunga mdomo kama nilivyoagizwa.

Asubuhi yake hakunibeba. Alinibeba mjomba wa jirani, mtu mwenye harufu ya tumbaku, Bibi akitufuata kwa fimbo yake. Tulipopita, Mama alikuwa nyuma ya migomba. Niliona kanga yake tu.

Dresa alitoa nyuzi moja moja, akaridhika. "Huku juu ni kazi safi," alisema. "Huku chini patakuwa na kinundu kidogo. Nani amekichokonoa?"

"Mama yake amekigusa," Bibi akajibu.

Dresa akanichukua mkono wa kulia, akaugeuza, akautazama ukucha wa kidole cha shahada. Akanitazama mimi juu ya ile miwani yake ya uzi. Kisha akafungua droo, akatoa mkasi, akanikata kucha zote kumi bila kusema neno. Mpaka leo sijui kama alininyamazia kwa huruma au alikuwa akinipa nafasi niseme mwenyewe. Kama ilikuwa nafasi, niliipoteza.

Wiki ile ile isale likapita. Mama alivuka mpaka akiwa ameshika jani lililofungwa fundo kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele yangu, mbele ya mtoto wa miaka saba, akaniomba radhi kwa mundu na kwa mguso. Bibi akanywa maziwa akatutemea sote wawili kifuani kwa baraka. "Mwambie umemsamehe," akaniambia. Nikalichukua isale. Nikasema, "Nimekusamehe, Mama." Nilisema vizuri, kwa sauti ya kusikika, na Bibi akanisifu.

Nikarudi nyumbani kwetu. Mama alinipenda kama zamani, pengine zaidi, lakini shavu langu la kushoto hakuligusa tena. Akiniosha uso aliosha upande wa kulia, kisha akanipa kitambaa: "Huko osha mwenyewe." Samli ya kulainisha kovu alinitilia kiganjani nijipake. Alinifunga kitambaa kikubwa kichwani dhidi ya jua, akikivuta kwa ncha za vidole, mbali na ngozi. Nilikua, na kovu likafifia kama dresa alivyoahidi. Siku ya harusi yangu Mama alinipaka mafuta usoni kwa mikono yake, nusu ya uso, akaita mama mdogo amalizie. Wageni hawakuelewa. Mimi nilielewa, na nikatabasamu kwa wapiga vigelegele.

Ningeweza kusema siku yoyote. Hilo ndilo neno gumu katika habari hii yote. Nilikuwa na miaka kumi, nikawa na ishirini, Bibi akafa, nikazaa, na kila mara nilijiambia mambo ya kitoto yameshapita. Nilijua hayakupita. Niliogopa kwamba nikilirudisha isale nililopokea kwa uongo, Mama atauliza miaka ile yote ilikwenda wapi.

Uzeeni macho ya Mama yaliingia ukungu, nikamchukua akakaa nami Kiboriloni, pembeni mwa mji wa Moshi. Siku moja, mchana, nilikuwa nimekaa chini nikimkata kucha za miguu. Akasema ghafla, kwa ile sauti yake ya kuomba kitu kidogo, "Manka, sasa sioni. Kovu lako limekuwaje? Limeharibu uso?"

"Liguse, Mama."

"Hapana."

"Nyuzi zilitoka zamani. Liguse."

Mkono wake ulikuja polepole, ukatua karibu na sikio. Vidole vilipanda chini ya jicho, vikatafuta, vikashuka, vikarudi juu tena. "Halipo," alisema. "Liko wapi? Nimelifikiria kubwa. Kila siku nimelifikiria kubwa." Vikaendelea kushuka mpaka vikafika karibu na mdomo, kwenye kile kinundu, vikasimama. Uso wake ukajikunja. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipokugusa."

Niliinuka. Nyuma ya nyumba yangu nimepanda masale, kama Mchagga yeyote aliyehamia mjini akiona haya kutokuwa nayo. Nilivunja jani, nikalifunga fundo, nikarudi nikapiga magoti na kumwekea mapajani. Alilipapasa, akalitambua kabla sijasema kitu.

"Isale? Nani ameteta na nani?"

Nikamwambia. Ukucha, kifundo, asubuhi nzima, ng'ombe akitazama. Nikamwambia kwamba uzi ulikuwa umelegea kabla hajafika na lile jino. Sauti yangu ilikuwa ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu, lakini maneno yalitoka kwa mpangilio wa yule mtoto, maana hayakuwahi kupata mpangilio mwingine.

Nje kuna mtu alikuwa akiita wanunuzi wa viazi.

"Kwa nini, mama?" akauliza.

"Nilitaka unibebe."

Aliligeuza lile jani mkononi, akalikaza fundo lake. Nilingoja akasirike, nilikuwa tayari, na nadhani ingenisaidia. Badala yake akasema, "Isale halikataliwi," kama mtu anayenikumbusha sheria tu. Kisha akasema, "Lete maji ya uvuguvugu na kitambaa."

Bibi alisema damu humjua aliyeimwaga. Nimeishi na maneno hayo maisha yangu yote na sasa ni mzee kuliko yeye alivyokuwa siku ile, na siwezi kusema alikosea, maana kovu la mundu wa Mama halipo na la ukucha wangu lipo. Alikosea mkono tu. Lakini mchana ule wa Kiboriloni sikuwaza hayo. Niliweka beseni sakafuni, nikakaa kati ya magoti ya Mama, nikafumba macho, naye akaniosha shavu la kushoto, taratibu, mpaka nyuma ya sikio, kama linavyooshwa shavu la mtoto lililokaa muda mrefu bila kuoshwa.